Kuko kazi kule? Historia fupi ya mutuka na barabara za Lufira



Tuanze na jambo tunalolijua wote. Mtu wa Likasi akipata mutuka, hata kama ni ya okazio iliyotumika Japani miaka kumi na mitano, kwanza anaiombea baraka. Halafu anaipeleka kwa wazazi waione. Halafu siku ya tatu imeshaingia kazini: taksi, kubeba mizigo ya soko, kupeleka watu Lubumbashi. Sasa wewe mwambie jirani yako wa Kamatanda kwamba Jumamosi mnachukua mutuka mpya kwenda Mwadingusha na Koni, kuangalia tu mto na milima. Atakukazia macho, kisha atauliza:

"Munaenda kule kufanya nini? Kuko kazi?"

Tusimcheke. Swali lake lina miaka mia moja ndani yake. Barabara za kwetu zilifunguliwa ili kitu kitoke, au ili mtu apelekwe mahali. Hazikufunguliwa ili mtu aone nchi yake. Desturi hiyo imekaa ndani yetu mpaka leo, na inatugharimu kuliko tunavyofikiri. Leo nataka tuifuate tangu ilikoanzia.

Barabara mbili za wakati mmoja

Mwaka 1924, huko Marekani, mji wa Los Angeles ulifungua barabara moja inayopita juu ya mgongo wa milima. Waliipa jina la William Mulholland, mhandisi aliyesimamia mfereji mrefu ulioleta maji mjini mwaka 1913. Barabara yake ilipanda, ikapinda, ikachungulia mabonde pande zote mbili, na wenye mji walitaka hivyo: watu watoke na gari zao, wapande, waangalie. Mpaka leo, mtu wa kule akinunua gari jipya, anapenda kulijaribu kwenye makorongo ya milima ya Santa Monica. Hakuna anayemuuliza kama kuna kazi kule juu.

Miaka hiyohiyo, kwetu pia wahandisi walikuwa milimani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji umeme mwingi. Kusafisha shaba kwa njia ya umeme, kama ilivyoanza kufanyika Shituru mwaka 1929, kunakula nguvu nyingi sana. Nguvu hiyo ilipatikana kwenye Lufira, mahali mto unapoanguka kwa kishindo, Mwadingusha, umbali wa kilometa 70 hivi kutoka Likasi. Waliziba mto, nyuma ya ukuta likazaliwa ziwa tunaloliita Tshangalele, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme. Mbele ya Mwadingusha, Lufira inajipenyeza katikati ya milima ya Koni. Huko nako kituo cha pili kilianza kazi mwaka 1950.

Kwa hiyo, bandugu, korongo tunalo. Milima tunayo. Maporomoko tunayo. Ila barabara ya kule ilipita ili mashine zifike na nguzo za umeme zisimame.

Tazama hata majina. Mwaka 1891 na 1892 misafara ya Wazungu ilizunguka Katanga kumtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Katika msafara mmoja alikuwamo Jules Cornet, mwanajiolojia, aliyeandika habari za mawe ya shaba. Maporomoko ya Mwadingusha yakaitwa Cornet. Kituo cha umeme cha hapo kikaitwa Francqui, jina la ofisa wa msafara huohuo. Kituo cha Koni kikaitwa Bia, jina la mkuu wao, aliyefia Ntenke mwaka 1892. Kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi, magenge ya Nzilo nayo yalizibwa, na kituo cha mwaka 1952 kikapewa jina la Delcommune. Kila mahali penye maji yanayoanguka paliandikwa jina la mtu aliyepita safarini mara moja. Wenyeji waliokaa hapo vizazi na vizazi walibaki na majina yao midomoni, si kwenye ramani. Ni baadaye, wakati wa kubadilisha majina, Mwadingusha, Koni na Nzilo yakarudi kwenye karatasi.

Nani alishika usukani

Reli ndiyo ilitangulia mutuka. Treni ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikasonga mpaka Kambove mwaka 1913, na Bukama mwaka 1918. Kamatanda tunaijua kwa mambo mawili, gare na mgodi, na hayo mawili yanaeleza kila kitu: jiwe linatoka chini, linapanda kwenye behewa, linaondoka.

Barabara za mutuka zilifuata hesabu hiyohiyo. Vijijini, utawala wa Kibelgiji ulikuwa na kazi za lazima, na dekreti ya mwaka 1933 iliruhusu hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikafika siku 120. Kulima mazao yaliyoamriwa kulikuwa ndani yake, na kutengeneza njia pia. Vijiji vingi vilihamishwa vikasogezwa kando ya barabara, ili kodi ikusanywe vizuri na watu wahesabike. Kwa mtu wa kijijini, basi, barabara ilikuwa kitu unachokilimia kwa jembe, halafu anapita mwingine juu yake na kukuachia vumbi.

Na kusafiri kwenyewe? Hapana mchezo. Mtu mweusi aliyetaka kutoka eneo lake kwa muda mrefu alitakiwa kuwa na hati ya ruhusa. Mjini, usiku, hakuruhusiwa kuzungukazunguka mtaa wa Wazungu. Wafanyakazi wa Union Minière walioletwa kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na kwingineko waliwekwa kambini pamoja na familia zao, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kwamba mfanyakazi anayekaa ni faida kuliko anayekuja na kuondoka. Kambi ilikuwa na hospitali, shule, kanisa, mgao wa unga. Wazee wengi wanaikumbuka kwa heshima, na wana sababu zao. Lakini kila kitu kiliwafuata humo humo. Mtu hakutazamiwa kutoka Jumapili kwenda kuangalia Lufira kwa raha yake.

Jumapili ya matembezi ilikuwa ya mkubwa wa kazi na madamu wake, na kikapu cha chakula nyuma. Hapo ndipo anaingia mtu ambaye historia yetu imemsahau: shofere. Yeye hakuwa na mutuka, lakini ndiye aliijua. Alijua kona gani inateleza mvua ikinyesha, daraja gani ubao wake umeoza, injini ikichemka maji ya kuipoza yanapatikana wapi. Alifika mahali ambapo jirani zake wa kambini hawakupata kufika maisha yao yote. Kama unatafuta Mkatanga wa kwanza aliyeona milima ya Koni kupitia kioo cha mutuka, usimtafute kati ya wenye mali. Mtafute kati ya mashofere. Alikuwa kazini, sawa, lakini macho yalikuwa yake.

Barabara ya vita, reli ya kukimbia

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, na Moïse Tshombe akatangaza Katanga ijitenge tarehe 11 Julai, barabara ilipata kazi nyingine.

Wengi wenu mmeona filamu ya mwaka 2016 kuhusu askari wa Ireland waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi yetu. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo vilima mlivyoviona si vya kwetu. Lakini habari ni ya kweli. Septemba 1961, askari zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa hapa kuanzia tarehe 13. Walipigana siku tano, wakaishiwa risasi na maji, wakajisalimisha tarehe 17 bila kufiwa na mtu. Kwa nini hawakuokolewa, na Élisabethville iko kilometa 120 tu? Jibu ni daraja. Wenzao walikuja kwa barabara mara mbili, na mara mbili walikwama kwenye daraja la Lufira, lililokuwa mikononi mwa majandarme wa Katanga. Sisi leo tunalivuka kwa dakika moja ndani ya basi, tukiangalia simu.

Desemba 1962 Umoja wa Mataifa ulirudi kwa nguvu. Majandarme walivunja madaraja ya Lufira, lakini askari wa India walivuka mto na kuingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963. Katikati ya mwezi huo Tshombe alikubali kuacha utengano.

Miaka thelathini baadaye, njia ilibeba jambo zito zaidi. Mwaka 1992 ndugu zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, wajukuu wa wale walioletwa na kampuni, walifukuzwa. Maelfu walikusanyika kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, wiki kwa wiki, na watoto wao na masufuria yao. Wengine walifia hapohapo wakingoja. Kila mzee wa Likasi ana kitu anakumbuka juu ya siku hizo, hata kama hataki kusema. Gécamines nayo ilikuwa inaanguka: katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na mwaka 1993 haikufika hata 50,000. Mashimo ya barabara yalikua pamoja na mashimo ya mishahara.

Sasa unganisha. Babu aliletwa kwa reli kufanya kazi. Baba alisafiri akitumwa na kampuni. Shangazi aliondoka akifukuzwa. Katika familia kama hiyo, nani angekufundisha kwamba njia inaweza kuwa ya furaha? Ndiyo maana jirani anauliza "kuko kazi?" Kwetu, aliyesafiri bila kazi mara nyingi alikuwa anakimbia.

Lakini raha ya njia si mali ya Wazungu

Hapa kuna msomaji atasema: basi, matembezi ya mutuka ni mambo ya Wazungu, tuwaachie. Mimi nakataa, na ushahidi nautoa kwa majirani zetu wa mashariki.

Mwaka 1953, Wazungu wa Kenya walianzisha mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sharti lao lilikuwa rahisi: gari liwe kama lilivyotoka dukani, bila kuongezwa nguvu, na magari yapangwe kwa bei yake. Yaani walichukua gari jipya wakalipeleka kwenye matope na miteremko ya Bonde la Ufa, waone kama litarudi. Ulikuwa mchezo wa walowezi, hakuna siri.

Lakini mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, fundi wa magari, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao? Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Okazio, bandugu! Makampuni makubwa yalileta magari mapya na madereva kutoka Ulaya, na okazio ikawapita, kwa sababu aliyekuwa ndani yake aliijua njia na aliijua mashine. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Mchezo ulioanzishwa kwa sherehe ya malkia ukawa wa watu waliosimama kando ya barabara, wakijua kila kona na kila dereva kwa jina.

Somo nililopata hapo ni kwamba barabara inabadilika mwenyewe pale watu wanapoanza kuipita kwa hiari yao. Aliyeichimba alikuwa na shabaha yake, sawa, lakini shabaha hiyo haimfungi mtu milele.

Mutuka inatoka hapa

Twende kwenye leo. Simama kwenye barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi, ile iliyowekwa lami upya na Wachina, tunayoilipia peaje. Hesabu malori. Yanapita usiku na mchana, yamebeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa, na kutoka hapo kwenda bandarini. Upande wa pili zinakuja mutuka za okazio zilizoshushwa Dar es Salaam, usukani kulia, kuingia nchi inayoendesha upande wa kulia.

Wafanyabiashara wa shaba wanakadiria kwamba gari la kawaida lina kilo 20 hivi za shaba, na gari la umeme linaweza kupita kilo 80. Betri nyingi za umeme zina kobalti pia, na Kongo peke yake inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Sehemu yake imepitia mikono ya vijana wanaochimba kwa chepeo na nyundo kwenye vilima vya kwetu, Kamatanda ikiwemo. Kwa hiyo yule bwana wa California anayetoa gari jipya la umeme Jumapili asubuhi, akalipandisha korongoni taratibu, halina hata kelele, huenda anaendesha kipande cha kilima chetu. Kipande hicho kinatembea kwa raha mahali ambapo kijana aliyekichimba hajawahi kupaona, na kijana mwenyewe hajafika hata Koni.

Na Mwadingusha? Mitambo yake ilifanywa upya, ikarudi kazini mwaka 2021 ikiwa na uwezo wa megawati 78, kwa fedha za kampuni inayochimba shaba Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, inayotegemea umeme huo. Maji yetu yanaanguka, mgodi unawaka, na sisi nyumbani tunajua delestaji kuliko tunavyojua ratiba ya masomo. Makubaliano yalisainiwa, watu wakakaa mezani. Jiulize: kati ya wahitimu wetu wa sheria, wa jiolojia, wa uchumi, wangapi wanaweza kusimama kwenye mkutano kama huo na kusema, "Mahali hapo napajua, nimesimama pale, ziwa linaishia hapa, wavuvi wanakaa pale, maji wakati wa kiangazi yanashuka mpaka hapa"?

Hiyo ndiyo gharama niliyosema mwanzoni. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya Lufira tukinakili takwimu za kampuni. Anayeijua nchi kwa karatasi tu atashindwa na yule aliyetuma helikopta ikapita juu yake. Kutembea, kwa maana ile ya nyumbani, kwenda kutembelea mahali na kukaa kidogo, ni njia ya kupata neno la kusema.

Mambo manne kwa anayetaka kwenda

La kwanza: usingoje mutuka yako. Wanafunzi kumi wakichanga mafuta, Hiace moja inatosha. Nendeni kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, kwa sababu mvua ikinyesha njia ya udongo inageuka sabuni.

La pili: ulizeni ruhusa kabla ya kufika kwenye mitambo. Ni mahali panapolindwa, na picha zinaweza kuleta maneno. Milima na ziwa havina mlango, mitambo inao.

La tatu: kaeni na wavuvi wa Tshangalele. Nunueni samaki kwa bei nzuri, msibishane kama mko sokoni. Waulizeni majina ya vilima na ya vijiji vilivyokuwa pale kabla ya maji kujaa. Andikeni majina hayo kama wanavyoyatamka wao.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: kabla ya kwenda, mtafuteni mzee mmoja aliyekuwa shofere wa kampuni. Wamebaki wachache. Mpelekeni pamoja nanyi, mkae naye kiti cha mbele. Safari hii hana mkubwa wa kumngoja na hana saa ya kurudi. Atawaambia simameni hapa, na hapo mlipokuwa mnaona majani tu atawaonyesha njia ya zamani. Mtakuwa mmepata kitabu ambacho hakipo kwenye maktaba yoyote, na yeye atakuwa amepata kuiona Lufira akiwa abiria.